Likizo ya Juni: Tuwazuru Wazee Wetu Wangali Hai

Ndugu msomaji, mwezi wa Juni unapokaribia na shule kujiandaa kufungwa, swali moja hubisha hodi katika kila nyumba: watoto wataipitishia wapi likizo? Wenye uwezo huzungumzia Zanzibar na hifadhi za wanyama. Wengine hunyamaza, wakidhani kuwa likizo ni jambo la wenye fedha. Hapa Maisaka, nyumbani kwetu, swali hilo limejadiliwa kwa jioni tatu baada ya swala ya Isha, na yaliyojitokeza katika shura hiyo naona yanafaa kuwafikia wazazi wenzangu.

Mapumziko ni haki ambayo mataifa yameiwekea sheria. Ufaransa, sheria ya mwaka 1936 iliwapa wafanyakazi wiki mbili za likizo yenye malipo, na familia nyingi za watu wa viwandani zikaanza kwenda pwani na mashambani. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 kwa mwaka. Lakini wengi wetu hapa Babati ni wakulima, wachuuzi na mama wa nyumbani. Hakuna mwajiri wa kuwaandikia barua ya likizo. Wasipoipanga wenyewe, mwaka hupita na mwingine ukaingia.

Katika shura yetu, binti yetu mkubwa alitaka twende Tarangire. Alihoji kwa adabu: "Baba, wageni wanatoka Ulaya kuja kuiona hifadhi iliyo mkoani mwetu, mbona sisi hatujaiona?" Hoja hiyo ni nzito na sikuipuuza. Mdogo wake alitosheka na viboko wa Ziwa Babati, ambao hawahitaji nauli kubwa. Mama yao alisikiliza wote hadi mwisho, kisha akasema: "Baba watoto, mama yangu wanamfahamu kwa misiba tu. Macho yake yanaingia giza. Ningependa amwone huyu mdogo kabla hajawa wa kumpapasa uso."

Hapakuwa na hoja nyingine baada ya hiyo.

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti, na daftari la michango liko mikononi mwangu. Naweza kushuhudia kwamba Waislamu wa mtaa huu si wazito wa kusafiri. Ikija taarifa ya msiba kutoka Kondoa, Singida au Hanang, ndani ya saa mbili gari limekodiwa, michango imekusanywa, kina mama wamekwishafunga vitenge na vyombo vimepakiwa. Ni jambo jema, na kumzika Muislamu ni haki yake juu yetu. Lakini katika daftari hilo hamna ukurasa hata mmoja wa gari lililokodiwa kwenda kumjulia hali mzee aliye hai. Nauli ya kumzika bibi hupatikana usiku wa manane. Nauli ya kunywa naye uji huambiwa isubiri mavuno.

Ilhali Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba anayependa kukunjuliwa riziki yake na kurefushiwa umri wake, basi na aunge udugu. Udugu huungwa kwa walio hai. Maiti tunamwombea dua, lakini hatuoni tena akitabasamu mjukuu anapomwamkia.

Basi tumeazimia kwenda kijijini kwa bibi yao, mbele kidogo ya mji wa Kondoa. Enzi za vumbi na matope safari hiyo ilikuwa na udhuru wake. Leo barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ni ya lami tangu ilipozinduliwa mwaka 2018. Gari linapita Bonga, Bereko na Kolo, na asubuhi haijaisha mtu yuko Kondoa. Udhuru wa umbali umekwisha.

Kuhusu fedha, tangu Januari tunaweka shilingi 5,000 kila Ijumaa katika kopo. Ijumaa 22 zinatupa shilingi 110,000 bila kumkopa mtu, wala kugusa riba. Hizo ni za nauli, sukari, mafuta na unga. Uislamu umemwekea mgeni heshima ya siku tatu, na umemkataza kukaa hadi akamtia dhiki mwenyeji wake. Mama mkwe hatatuhesabia siku, lakini vinywa vitano ni vinywa vitano. Tena Juni ni wakati wa mavuno. Watoto watasaidia kupura mtama, na huenda wakaokota maneno ya Kirangi ambayo mama yao hakupata wa kuzungumza naye hapa mjini.

Lipo jambo ambalo sisi wanaume aghlabu hulisahau. Baba akienda kijijini hupewa kiti mvulini. Mama akienda hupewa ndoo na mafiga. Huko kwake ni kubadilisha jiko tu. Kwa hiyo tumegawana kazi kabla ya kuondoka: kuni na maji ni juu yangu na kijana wetu, vyombo ni vya watoto kwa zamu, na saa za baada ya Alasiri ni za mama kukaa na mama yake bila kuitwa na yeyote. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akiwatumikia watu wa nyumbani kwake. Atakayeona haya kuchota maji mbele ya wakwe na akumbuke hilo.

Siku moja tutaitenga kwa ajili ya Kolo, tukaone michoro ya mapangoni iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wanyama na watu waliochorwa kwa rangi nyekundu bado wapo. Mikono iliyowachora imetoweka. Qur'an inatuhimiza kutembea katika ardhi na kutazama. Kwa kuwa baadhi ya wenyeji wangali wakifanya matambiko mahali hapo, watoto tumewaeleza mapema: tunakwenda kuzingatia, ibada ni ya Allah peke yake.

Na njiani watajifunza kwa vitendo yale wanayoyasoma madrasa: dua ya safari, kumteua kiongozi wa msafara, na swala za rakaa nne kufupishwa kuwa mbili. Kijijini, kwa kuwa tumenuia kukaa siku saba, tutaswali kamili kwa mujibu wa madhehebu yetu ya Shafi. Binti aliyeikosa Tarangire ndiye katibu wa safari; kopo litaendelea kujazwa, na zamu yake ni mwakani, insha Allah.

Mzazi mwenzangu, kabla Juni haijaingia, kaa na mwenzako na watoto, muulizane ni mzee gani katika ukoo wenu ambaye mara ya mwisho mlimwona msibani. Anzeni na huyo. Msisubiri simu ya usiku.

Wabillahi tawfiq.