Lete kipande

Nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa naandika kaprogramu kadogo ka simu, ka maneno ya njiani, kwa ndugu zangu wa Eldas kule Wajir ambao lugha yao ya nyumbani ni Kisomali. "Safari" halikunipa taabu: Kisomali ni safar, wote tumelitoa Kiarabu. Mengine nikajaza kutoka kamusi, sanifu kabisa.

Binamu yangu akapanda basi la Nairobi. Kwenye kizuizi askari akamwambia, "Lete kipande." Programu yangu inajua "kitambulisho" tu. Kipande cha nini? Akasita, na kijana wa kwetu hasiti mbele ya askari bure. Akateremshwa, basi likaenda, kitambulisho kimo mfukoni!

Kipande ni neno la ukoloni. Miaka ya 1920 wanaume Waafrika walilazimishwa kutembea nacho, ndani ya kikebe shingoni. Kamusi niliiamini mno.

Sasa hifadhidata ina safu mbili: neno la kusema na neno la kusikia. Unasema "kitambulisho", unasikia "kipande". Kama una mengine ya barabarani niandikie, hasa ya makanga.