Kwenda Baraka kwa Baiskeli

Kutoka mji wetu wa Uvira hadi Baraka ni karibu kilomita 90. Kwa gari, njia ikiwa kavu, unafika siku hiyohiyo na jua bado lipo. Sisi tulitaka kwenda kwa baiskeli, tukilala njiani, kundi zima la watu ambao wengi wetu tulizoea kwenda sokoni na kurudi tu. Walikuwemo walimu wenzangu, wauguzi, wanafunzi, na mama mmoja muuza vitenge wa Mulongwe aliyetushinda wote kwa hamu.

Kwenye mkutano wa kwanza wengine walitaka twende kaskazini, tambarare ya Ruzizi, Kiliba, Sange na Luvungi hadi Kamanyola, kwa kuwa huko hakuna mlima wa kukukata pumzi. Mimi nilishikilia kusini. Ukishapita Kalundu, ziwa halikuachi: Makobola, Swima, Mboko, Lusenda, milima ya Mitumba iko kulia kwako na Tanganyika iko kushoto, mahali pengine barabara imebanwa katikati hadi lori likija lazima ushuke. Hoja yangu ikapita. Ndipo mama wa vitenge akauliza, "Na wale wanaoleta mawese kwa baiskeli kutoka huko, mumeisha kuwauliza?"

Kesho yake tukateremka Kalundu. Tulimkuta mzee mmoja akishusha bidoni za mawese, shati limelowa jasho mgongo mzima. Baiskeli yake ilikuwa Phoenix ya magurudumu ya inchi 28, fremu imeongezewa nondo kwa kuchomelea, keria imetengenezwa upya kwa vyuma vizito, na bidoni zimekazwa kwa mikanda iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Breki ya nyuma haikuwepo. Kwenye mteremko hulikandamiza tairi kwa soli ya kiatu, na soli hiyo ilishonewa kipande cha tairi la gari ambacho tayari kilikuwa na mfereji katikati.

"Mwalimu, mutaenda na baiskeli gani?" akaniuliza.

Nikamwonyesha zetu. Baadhi zilikuwa kama yake, nyingine za gia, za inchi 26, zinazong'aa. Akazizunguka polepole, akabonyeza tairi moja kwa kidole gumba.

"Papa, hizi za gia si ndizo nyepesi kwenye mlima?"

"Ni nyepesi, sikatai. Lakini ikipasuka kule Swima, tyubu yake utaitoa wapi? Fundi wa kijijini anaweka ya hii yangu, kwa sababu sisi ndio wateja wake."

Maneno hayo yalibadilisha maandalizi yetu yote. Mwenye baiskeli ya gia akapaswa kubeba tyubu zake mwenyewe, mnyororo na waya wa breki. Wenye inchi 28 waligawana pampu, spana, viraka na solusheni, mengine watayapata njiani. Kwa safari ya kwanza katika nchi hii ningemshauri mtu yeyote achague baiskeli ambayo fundi wa chini ya mwembe anaijua kwa kuisikiliza tu.

Mzee alitupa na habari ya upepo. Wakati wa kiangazi, upepo wa kusini hulala alfajiri, kisha huamka jua likipanda, na anayeelekea Baraka hukutana nao uso kwa uso. "Saa nne mutakanyaga na hamusogei," alisema. Kwa hiyo tukakubaliana kuondoka saa kumi na moja alfajiri na kupumzika kabla ya adhuhuri. Vijana wakapendekeza basi twende wakati wa mwezi mpevu ili tuone njia. Mama akakataa. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hawaendi ziwani, maana ndagala huvutwa na taa zao penye giza. Bila uvuvi, vijijini tungekula nini? Tukachagua wiki ya giza na kununua tochi.

Mazoezi tuliyafanya kaskazini, kwenye tambarare ileile tuliyoikataa. Tulianza na Kiliba, baadaye Sange, kila mmoja amefunga mfuko wa mchanga kwenye keria ili mwili uzoee mzigo. Sange tulishuka, tukatembea kwa miguu. Ni pale ambapo lori la mafuta lililipuka tarehe 2 Julai 2010 na kuua watu zaidi ya 200, na hakuna aliyekulia hapa asiyejua. Tangu zoezi hilo kundi letu likawa na sheria: honi ya lori ikisikika, wote pembeni, miguu chini, hakuna kushindana.

Kwenye mapumziko niliwasimulia wanafunzi habari ya Burton na Speke, waliofika Uvira kwa mitumbwi mwezi wa Aprili 1858 wakitafuta chanzo cha Nile. Walitumaini kwamba Ruzizi hutoka ziwani na kwenda kaskazini. Wana wa chifu wa Uvira wakawaambia wazi kwamba mto huo unaingia ziwani. Wageni wale wakarudi bila kuuona mdomo wake, na ubishi ukaendelea Ulaya hadi Stanley na Livingstone walipokuja kujionea Novemba 1871. Miaka 13, kwa jambo ambalo mvuvi yeyote wa hapa angekujibu huku anashona wavu! Mwanafunzi mmoja akasema ndiyo maana tulianzia kwa mzee wa mawese. Nilifurahi sana kumsikia.

Maji yalitupa kazi kuliko miguu. Uvira ni mji unaougua kipindupindu mwaka hadi mwaka, na vijiji vingi vya pwani huchota ziwani. Wauguzi wetu walisimamia jambo hili bila huruma: kila mtu na maji yaliyochemshwa ya siku ya kwanza, dawa ya kutia kwenye maji ya siku zinazofuata, sabuni, na pakiti za chumvi na sukari. Mito nayo tuliihesabu mmoja mmoja. Hushuka Mitumba kwa ghafla. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika katikati ya mji wetu, ukaua makumi ya watu na kubomoa nyumba maelfu. Kiangazi mito hupungua, lakini kwenye kila daraja tulipanga kusimama hadi wa mwisho afike. Kadi za mpiga kura zilikaa mfukoni kwa ajili ya bariera, na jioni ya mwisho tuliwauliza madereva waliotoka Baraka kama njia ni salama. Walisema ni shwari.

Tulitoka gizani, mama wa vitenge mbele kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa wa polepole, na anayetangulia ndiye anayepanga mwendo. Kalundu mitumbwi ilikuwa ikirudi, taa bado zinawaka. Kabla ya Makobola kukaanza kupambazuka, na kando ya barabara wanawake walikuwa wameshamwaga ndagala kwenye mchanga, wakizitandaza kwa viganja hadi zikawa safu moja inayometa. Tukanunua, tukala na ugali wa muhogo huko Swima. Saa nne upepo ukaja kama tulivyoambiwa. Wa gia mmoja akapata pancha, akatoa tyubu yake mfukoni na kuibadilisha bila kuomba kitu kwa mtu. Mboko tuliingia tukiwa tumechoka vibaya, tukalala kwenye darasa tulilopewa, mikeka sakafuni.

Siku iliyofuata tulivuka mto Mutambala pamoja, na Baraka tukapokelewa na watoto wanaokimbia nyuma ya magurudumu. Tulikuwa tumepanga kurudi kwa boti. Wengi wakapakia baiskeli zao. Mama na wanafunzi kadhaa hawakuonekana ufukweni. Niliwakuta sokoni, wamekaa na wachukuzi wa mawese, wanawauliza mlima wa kwenda Fizi unaanzia wapi na maji ya kunywa yanapatikana kwenye kona gani.