Nyanya Yenye Vinyweleo

Swali: Msimulie msomaji kuhusu kazi ya mikono iliyokufunza jambo ambalo hukulitarajia.

Msomaji wangu, ukiwekewa nyanya mbili mezani, moja nyekundu inayong'aa na nyingine ya manjano iliyofifia, yenye vinyweleo kama shavu la mtoto mchanga, utachukua ipi? Mimi nilichukua ile nyekundu, nikajuta.

Wakati huo nilikuwa nimefika kwa shangazi yangu mjini Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani. Aliyeniwekea nyanya hizo alikuwa jirani yake, mzee aliyeipenda bustani yake kuliko runinga. Ile nyekundu ilitoka dukani. Ilikuwa ngumu na chapwa. Kisha akanikatia ile ya vinyweleo: tamu, yenye maji tele. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Nyanya hiyo huitwa Wapsipinicon Peach. Wapsipinicon ni mto unaopita mashariki mwa Iowa, na neno la pili ni pichi, tunda ambalo ngozi yake ina vinyweleo kama hivyo. Mwaka wa 2006 nyanya hii ilishinda katika shindano la kuonja nyanya la Seed Savers Exchange, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1975 ili kuhifadhi mbegu za kale. Huenda ukauliza: ikiwa ni tamu hivyo, mbona haimo madukani? Sababu ni wororo wake. Ukiipanga kwenye kreti na kuisafirisha mwendo mrefu, itafika imepondeka. Mfanyabiashara haitaki. Huishi katika bustani za nyumbani tu, na itaendelea kuishi iwapo tu kuna mtu anayehifadhi mbegu zake.

Mzee alinipa mbegu 12 ndani ya bahasha. Mwishoni mwa Machi nilizipanda katika vikopo, nikaviweka dirishani penye jua. Baada ya wiki moja hivi, 9 zilikuwa zimechipuka. Mzee alinionya nisiitoe miche nje kabla ya katikati ya Mei, kwa sababu huko jalidi, yaani umande ulioganda, huweza kurudi ghafla. Mwanzoni mwa Mei jua likawaka siku tatu mfululizo. Nikajiona mjuzi kumshinda mzee, nikahamisha miche 6 bustanini. Usiku wa nne baridi ilishuka. Asubuhi niliikuta yote imelala, majani meusi kana kwamba yamemwagiwa maji moto. Sikuthubutu kumtazama mzee usoni. Hakunigombeza. Alisema tu, "Umebakiwa na mitatu. Hata mmoja unatosha."

Miche hiyo mitatu niliihamisha mwishoni mwa Mei. Ukipanda nyanya za aina hii, kumbuka kwamba hurefuka sana, kwa hivyo usimikie kila mche mti wa kuegemea. Mwagilia shinani wala si majanini, na kwa kiasi kisichobadilikabadilika, kwa maana ukiuacha udongo ukauke kisha uufurikishe, matunda hupasuka. Mwezi wa Agosti nilichuma matunda ya kwanza, ukubwa wa ndimu.

Kazi ilikuwa bado. Aghalabu ua la nyanya hujichavusha lenyewe, kwa hivyo mbegu ya aina isiyo chotara huzaa tunda lile lile la mama yake. Niliteua matunda bora, nikakamua mbegu pamoja na maji yake ndani ya gilasi, nikaziacha siku tatu hadi ule utelezi unaozizunguka ukaoza. Nikaziosha, nikazianika kwenye sahani.

Siku za kurudi Kenya zilipokaribia, nilimpigia simu bibi yangu, mkulima wa Kirinyaga, nikamwambia ninamletea nyanya yenye vinyweleo. Alicheka sana. "Basi tumefanana, mjukuu wangu. Mimi pia ni nyanya, na kidevu changu kimeota vinyweleo!"

Usiku wa kufunga mizigo niliitia bahasha ya mbegu ndani ya soksi. Shangazi aliniona. "Una kibali?" akauliza. Nilikuwa ninajua kwamba mbegu haziingizwi nchini bila kibali cha KEPHIS na cheti cha afya ya mimea kutoka zinakotoka. Nikajitetea kuwa zilikuwa kidogo mno. "Ugonjwa hauhitaji gunia," alinijibu. "Ukiingia Kirinyaga kwa soksi yako, utaanzia kwa shamba la nani?" Nilinyamaza. Asubuhi nilimrudishia mzee bahasha yake.

Nilifika kwa bibi mikono mitupu, nikamweleza kisa chote. Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya jikoni. Kando ya jaa la majivu palikuwa na mnyanya uliotambaa, wenye vijinyanya vidogo kama gololi. Nilikuwa nimevila tangu utotoni bila kuuliza vilitoka wapi.

"Huu haujapandwa na mtu," bibi alisema. "Hujiotea tu, tangu nilipoolewa hapa. Sokoni hawautaki. Mwaka jana fundi alitaka kumwaga saruji mahali hapa, nikamkatalia. Je, nisipokuwapo, nani atamkataza?"

Sikuwa na jibu la maneno. Nilichuma vijinyanya kumi vilivyoiva barabara, nikaomba gilasi. Leo mbegu zake zimo ndani ya chupa kavu yenye kifuniko, nimeiandika tarehe na jina alilolitoa bibi mwenyewe: Nyanya ya Jikoni.

Nawe, msomaji, kabla hujafungua ukurasa unaofuata, hebu nenda nyuma ya jikoni kwenu utazame kilichojiotea. Kisha muulize aliye mkubwa nyumbani jina lake.