Bunduki Niliyoinunua Korogwe

Ndugu msomaji, huenda nawe unalo jambo moja ulilolitenda kwa fedha ambazo hazikuwa zako peke yako. Langu mimi ni bunduki. Niliinunua Korogwe mwaka 1984, nikiwa mfanyakazi wa kiwandani Tanga, kwa fedha ambazo mimi na mama watoto tulikuwa tumezidunduliza miaka miwili ili tuezeke kwa mabati nyumba yetu ya Handeni.

Aliyeniuzia alikuwa mzee mstaafu mwenye leseni yake halali. Nami sikupita mlango wa nyuma. Nilianza kwa mwenyekiti wa kijiji, nikafika polisi, na miezi ikapita kabla ya kukipata kibali. Sababu niliyoiandika katika fomu ilikuwa nguruwe mwitu, ambao kwa hakika walikuwa wakilimaliza shamba la mahindi la baba mdogo. Lakini sina budi kukiri kwamba nguruwe walikuwa kisingizio. Kilichonivuta ni alama zilizogongwa kwenye chuma, juu kidogo ya kitako: taji la mfalme wa Uingereza, neno Enfield, na mwaka 1916.

Mwaka huo kwetu haupiti hivi hivi. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalishuka yakiifuata reli ya Usambara, yakaingia Korogwe, na siku chache baadaye yakaichukua Handeni kutoka kwa Wajerumani. Babu yangu alikuwa kijana wakati huo. Alifariki ningali mdogo, na nyumbani tulizoea kusema kwamba babu alipigana vita vya Mjerumani. Basi nilipoishika bunduki ile nilijiona kama mtu anayeirudisha mali ya ukoo.

Ilikuwa nzito, yapata kilo nne, mbao zake nyeusi kwa jasho la mikono ya watu nisiowajua. Ilipokea risasi kumi. Kabla ya vita vile askari wengi wa Mjerumani walikuwa bado na bunduki za mtindo wa mwaka 1871, zenye baruti ya moshi mwingi. Ukipiga mara moja adui anajua ulipo. Hii ya Mwingereza haikutoa moshi wa kuonekana mbali. Yule mzee alinieleza hayo kwa raha, kisha akanipa onyo moja ambalo sikulitilia maanani vya kutosha. Fataki za risasi hizi za zamani, alisema, zina chumvi ndani yake. Ukishapiga, chumvi hubaki ndani ya mtutu, huvuta unyevu, na kutu huanza usiku ule ule. Mafuta hayaiondoi. Dawa yake ni maji yanayochemka, kisha kukausha, ndipo mafuta.

Siku ya kwanza nilijilaza kwenye ukingo wa shamba, baba mdogo nyuma yangu, na debe tupu hatua mia moja mbele. Nililenga, nikafyatua. Kitako chake kina bamba la shaba, nami nilikuwa nimevaa shati jepesi tu; teke lile nililihisi mpaka kwenye meno. Debe halikutikisika. Risasi ya pili haikulia kabisa, na baba mdogo akanikataza kulifungua komeo mpaka muda upite, kwani risasi iliyozeeka huweza kuchelewa kulipuka. (Nawe ukiikuta bunduki ya marehemu darini, usiijaribu wala usiifiche, ipeleke polisi.) Ya tatu ikalitoboa debe. Nikapiga kelele kama mtoto, nikamwambia baba mdogo kwamba sasa najua alivyojisikia babu.

Alinyamaza kidogo. "Mwanangu," akasema, "baba yangu hakupata kuishika bunduki hata siku moja. Alikamatwa kubeba mizigo. Alibeba masanduku ya hizo risasi."

Sikuwa na neno. Akaniambia kwamba mzee alikuwa na upara katikati ya kichwa tangu ujana, mahali palipokaa sanduku, na kwamba ndugu yake waliyeondoka naye hakurudi. Aliharisha njiani akaachwa chini ya mti. Baadaye nilisoma kwamba wapagazi zaidi ya 40,000 wa upande wa Waingereza waliandikwa kuwa wamekufa katika vita vile, wengi wao kwa maradhi na si kwa risasi, na wasioandikwa ni wengi vilevile. Jina la Kariakoo, huko Dar es Salaam, latokana na kikosi chao. Lakini kwenye sanamu iliyosimamishwa mjini humo mwaka 1927, anayeonekana ni askari na bunduki yake yenye singe. Mpagazi ametajwa katika maandishi ya chini. Nasi nyumbani tulikuwa tumemfanyia babu jambo hilo hilo: tulimvika bunduki kwa sababu sanduku halikutupa fahari.

Jioni ile nilichukua birika la chai, nikachemsha maji, nikayamimina mtutuni. Yalitoka meusi. Mama watoto alisimama mlangoni akinitazama. "Baba watoto," akasema, "hilo birika sasa ni la bunduki. La chai utanunua jingine." Hakutaja mabati. Ingekuwa nafuu kwangu kama angeyataja.

Nguruwe niliwapiga wawili katika misimu miwili. Mwaka 1986 nilimwuzia bunduki mtu mwingine mwenye kibali, nikaenda dukani na fedha zile zile. Bei zilikuwa zimepanda. Mabati yalitosha vyumba viwili. Cha tatu, ambacho tulikuwa tumekikusudia kwa mama yangu, kilibaki na nyasi hadi alipofariki.