Maskati Si Mbali, Simu Ndiyo Iliyochelewa



Sisi kwa mama yetu tumezaliwa wanne. Watatu tupo Unguja, na kitindamimba wetu ameolewa Maskati. Siku ya kumsindikiza Mama alilia, nasi tukambembeleza kwa hesabu: kutoka Unguja mpaka Maskati ni kama kilomita 3,900, na ndege ya moja kwa moja huchukua saa tano na nusu hivi. Wazee wetu walingoja pepo za kusi ndipo jahazi lielekee Uarabuni, na njiani wakakaa wiki kadhaa. Siku hizi, tukamwambia, mtu akiruka Maskati saa mbili asubuhi, anatua kwetu saa sita na nusu mchana, kwa kuwa wao wametutangulia saa moja. Mama akacheka, akafuta machozi.

Mwaka jana Mama akaugua. Mdogo wetu alipiga simu kila siku: "Mama hajambo?" Tukamjibu, "Hajambo, ni homa tu." Ana mtoto mchanga, hatukutaka kumtia wasiwasi. Akiomba kuzungumza naye, tukasema amelala. Kumbe sauti ilikuwa imeshakwisha.

Alhamisi alfajiri Mama akafariki. Hapo ndipo tulipompigia simu ya kweli. Nafasi kwenye ndege ya siku ile hakupata. Maiti haicheleweshwi, tukamkosha Mama wetu sisi watatu, tukamvisha sanda, na baada ya Alasiri akazikwa.

Mdogo wetu aliingia Ijumaa, bado amevaa baibui la safari. Hakuuliza kaburi. Aliuliza, "Nani alimtilia maji?" Tukamwambia. Akasema, "Mngenambia Jumatatu." Hatukuwa na la kumjibu.

Dada zetu, kuharakisha maziko ni mafundisho ya dini yetu, wala hilo hatulijutii. Tunalolijutia ni siku zile nne za "hajambo". Saa tano na nusu ni za angani tu. Kabla yake kuna ruhusa ya kazini, pesa ya tiketi, nafasi ya kiti, na kuwahi uwanjani saa tatu kabla. Na kabla ya yote hayo kuna simu. Safari ya aliye mbali huanza pale anapoambiwa ukweli.

Sasa tumewekeana ahadi. Mzee akiugua, aliye mbali anaambiwa siku ile ile, aamue mwenyewe kuja au kungoja. Pasi zetu hatuziachi zikaisha muda, na kila mwezi tunaweka akiba kidogo ya tiketi ya dharura.

Mdogo wetu ametusamehe, alhamdulillah. Ila mpaka leo tukimwambia mtu hajambo, huuliza mara ya pili.

Nyinyi mna ndugu ng'ambo? Mpigieni leo, na mwambieni hali ilivyo.

Allah awarehemu wazazi wetu waliotangulia na awape afya waliobaki. Amin.