Sanduku la 20

Nimekuwa kimya wiki tatu, na sababu ni jeli.

Dadangu mkubwa anasomea uzamili wa kemia. Utafiti wake ni wa jeli inayobeba dawa na kuiachilia polepole. Jeli kama hiyo ni nyuzi ndefu za polima zilizofungamana kama wavu, zikanywa maji mpaka zikavimba. (Nepi za watoto hufanya vivyo hivyo.) Molekuli ya dawa hupita kwenye matundu ya wavu ikisukumwa huku na huko na maji, ule mtikisiko ambao Einstein aliueleza mwaka 1905. Jeli ikizidi kuvimba, matundu hupanuka na chembe hupita upesi zaidi. Chembe ikiwa kubwa kuliko tundu, hukwama.

Akaniomba programu ya kuiga hayo. Rahisi, nikasema. Sanduku la hatua 20 kila upande, nyuzi ndani, chembe katikati. Kila mpigo chembe inaruka hatua moja. Ikikuta uzi, inatulia. Ikitokea ukuta wa kulia inaingia kwa wa kushoto, kama nyoka wa Nokia 3310, ili sanduku dogo liwakilishe jeli isiyo na mwisho. Kisha unapima umbali kutoka ilikoanzia, unauzidisha kwa wenyewe, unatafuta wastani wa chembe elfu kadhaa. Kwenye maji matupu wastani huo hupanda sambamba na muda: hatua 1000, jibu 1000.

Grafu yetu ilipanda, ikajipinda, ikalala karibu na 100. "Imekwama!" dada akafurahi. Jioni hiyo hiyo akampelekea msimamizi wake.

Usiku sikulala. Mbona 100? Nikaongeza sanduku hadi 40: grafu ikalala kwenye 400. Nikaondoa nyuzi zote, yakabaki maji tu. Bado 400! Jasho likanitoka. Kila chembe ilipovuka ukuta, programu ilirudisha nyuma hata namba za kupimia umbali, kwa hivyo chembe iliyosafiri mbali sana ilionekana haijatoka nyumbani. Mara 20 kwa 20, gawanya kwa 4, unapata 100 yangu. Nilikuwa nimepima sanduku, si jeli.

Kurekebisha kulichukua mistari michache tu: namba za kukagua nyuzi, ambazo hurudi, na nyingine za kupimia, ambazo hazirudi kamwe.

Kumpigia simu ndiko kulikuwa kugumu. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa hivyo haijakwama?"

Haijakwama, dada. Inapita polepole tu. Mstari umenyooka, ila mwinuko wake umepungua.

"Ungejaribu bila nyuzi siku ya kwanza," akasema.

Kweli. Sasa programu ikiwashwa huanza na jaribio hilo, na jibu lisipokaribia 1000 inakataa kuendelea. Barua kwa msimamizi aliiandika mwenyewe. Jina langu hakulitaja.