Baruti na Wageni

Wapo watu wanaodhani kuwa nyumba ndogo humfundisha mtu subira tu. Mimi nyumba ndogo ilinifundisha adabu ya baruti, na baada ya adabu ya baruti ikanifundisha adabu iliyo kubwa zaidi.

Babu yangu alikuwa na shamba la mihogo nje ya Ujiji, pamoja na gobori moja la kushindilia, ambalo kibali chake alikitunza sandukuni kama hati ya nyumba. Silaha za namna hiyo zilifika kwetu katika karne ya 19 kwa njia ya misafara iliyotoka pwani na kupita Tabora. Zilikuja pamoja na nguo na shanga, na njia ile ile ikarudisha pembe za ndovu na watu waliotekwa. Babu hakuwinda kwa fahari. Alilinda mihogo yake na nguruwe wa mwitu, basi.

Mwaka 1972, mauaji yalipowatoa watu wengi Burundi, nyumba yetu ilipokea mama mmoja na watoto wake watatu. Chumba ambacho babu alizoea kuandalia bunduki yake kikawa chao. Yeye akahamia ghalani, mahali ambapo mtu mzima akinyoosha mikono hugusa kuta mbili. Akalaza ubao juu ya madebe mawili matupu, ukawa meza. Kuliani aliweka pembe ya baruti yenye kizibo. Kushotoni, marisau katika kikopo. Mdeki ukaegemea ukuta. Fataki hazikukaa mezani kamwe: zilifungwa katika kibweta, zikatundikwa mbali, nazo hazikuguswa mpaka shambani. Kipimo kimoja kikitoka katika pembe, kizibo kilirudi mara moja. Taa ilikatazwa, kiko kilikatazwa, na porojo pia. Alikuwa akisema kwamba pasipo na nafasi, utaratibu ndio nafasi.

Jioni moja habari ilikuja kuwa nguruwe wameingia shambani. Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Babu akaanza kazi yake kwa mwanga hafifu wa mlangoni, na mimi, kwa moyo wa kusaidia na akili ya miaka tisa, nikamletea koroboi inayowaka. Hakupiga kelele. Alifunika pembe kwa kiganja, akasema taratibu, "Rudi nayo, mjukuu wangu. Usikimbie, wala usiipulize." Nilirudi kinyumenyume, na magoti yangu yakijua hatari kabla ya kichwa changu.

Hayo yalipopita, babu akatia mdeki katika mtutu akaanza kushindilia. Chuma kililia juu ya chuma, mara moja, mara mbili. Nyuma ya kiambaza cha matete mtoto mdogo wa mgeni wetu akapiga yowe. Mama yake hakumkemea, wala hakumbembeleza. Alimfunika kinywa kwa mkono, upesi na kwa ustadi, kama mtu aliyejifunza tendo hilo njiani, mafichoni.

Babu aliweka mdeki chini. Akasimama kitambo, kisha akasema na yule mama kwa Kiha, naye akajibu kwa Kirundi, na kwa kuwa lugha hizo ni ndugu wakaelewana. Usiku ule hakuna aliyekwenda shambani. Nguruwe walikula mihogo mpaka wakashiba, na kwa majuma mengi sisi tulikula dagaa wengi na ugali mchache. Kesho yake babu aliubeba ubao wake mpaka chini ya dungu la shamba, mwendo wa nusu saa. Tangu siku hiyo gobori halikushindiliwa tena nyumbani. Bibi alipolalamika juu ya chakula, alijibiwa kwamba mihogo huota tena.

Hapana budi niitaje meli ambayo kila mtu wa Kigoma huijua. Wajerumani waliishusha majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen, wakaipachika mzinga uliotolewa katika manowari Königsberg, iliyoangamia Rufiji mwaka ule ule. Julai 1916 waliizamisha wenyewe walipouacha mji. Waingereza waliiopoa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Mwaka 2015 meli iyo hiyo ilichukua wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga mpaka Kigoma. Mahali palipobeba mzinga palibeba wageni. Lakini mzinga ulikuwa umetangulia kuondoka. Nadhani babu, ambaye hakusoma historia yoyote, angeliafiki.

Wageni wetu walihamia makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora. Babu alifariki, na gobori likabaki sandukuni bila mwenye kibali. Mwaka 2022, serikali ilipotoa msamaha kwa wenye kusalimisha silaha, nililipeleka polisi pamoja na mdeki wake. Askari aliniuliza kama liliwahi kumdhuru mtu. Nilijibu kuwa halikupata kumpiga mtu yeyote. Jibu lilikuwa kweli, akaliandika. Lakini nilipotoka nje, kilichonijia machoni hakikuwa moto wala moshi, bali mkono wa yule mama juu ya kinywa cha mwanawe.